Seyyid Barghash na waya wa baharini: somo kwa sisi wa Malindi na Kilifi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota karibu Kenya nzima. Hapa Malindi siku ile na siku zilizofuata, wenye maduka ya kuchapisha karatasi walikaa wakitazamana na wateja wao, na vijana wanaotafuta riziki mtandaoni walizunguka na simu mkononi wakiitafuta netiweki. Sisi wa barazani tukapata la kuzungumza baada ya Isha. Mmoja alisema ni mvua, zimeangusha minara. Mwingine akaapa kuwa serikali imezima makusudi. Wa tatu alikuwa na hakika kuwa bando lake limeibiwa.

Ukweli ulikuwa mbali sana na baraza yetu. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Nilipoeleza hivyo, mzee mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini akaniuliza, Durban na Malindi ni wapi na wapi?

Swali lake lilinikaa kichwani, kwa sababu jibu lake ni la zamani kuliko tunavyodhani. Waya wa kwanza kuunganisha pwani yetu na dunia ulipita njia hiyo hiyo, kutoka Aden hadi Durban kupitia Unguja, na ulifika mwaka 1879. Aliyekuwa akitawala mwambao huu wakati huo, pamoja na Malindi, Takaungu na Mambrui, alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Wengi wetu tunamjua kwa jumba la Beit al-Ajaib, au kwa zile pesa za shaba zenye picha ya mizani ambazo bibi zetu walizihifadhi kwenye vibweta. Leo nataka tumtazame kwa upande mwingine, kama mtu aliyeishi maisha yake yote akishindana na habari: ni nani anaipata mwanzo, inapita wapi, na ni nani anayeshika ncha ya waya.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikulia katika nyumba yenye watoto wengi, na nyumba ya namna hiyo urithi haukosi kuwa na maneno.

Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said alikuwa akirudi Unguja kutoka Oman kwa merikebu yake iitwayo Victoria. Akaugua njiani, akafariki karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash alikuwemo chomboni, kijana wa miaka kama kumi na tisa. Desturi ya safari ilikuwa maiti azikwe baharini, lakini yeye aliuhifadhi mwili wa babake mpaka Unguja. Akashuka usiku, mji ukiwa bado haujui kwamba Sultani hayupo tena, akajaribu kuushika utawala kabla ndugu yake Majid hajajipanga. Hakufaulu, na Majid ndiye aliyekalia kiti.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu kinaonyesha hali ya mawasiliano ya zama zile. Habari haikuweza kwenda kwa kasi zaidi ya chombo kilichoibeba. Mtu mkubwa kuliko wote mwambao huu alikufa, na kwa siku kadhaa waliojua ni wale waliokuwa ndani ya merikebu moja tu. Aliyekuwa na chombo alikuwa na habari, na kwa usiku mmoja habari hiyo ilikuwa silaha.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena. Safari hii alimwasi Majid waziwazi, akisaidiwa na dada zake Khole na Salme. Salme alikuwa amejifundisha kuandika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mabinti wa nyumba ile, akawa ndiye mwandishi wa barua za siri za uasi. Barua zilipita mikononi mwa watumwa na watu waaminifu, na Barghash mwenyewe ilibidi atoroshwe nyumbani kwake akiwa amejifunika nguo za kike katikati ya kundi la wanawake. Waingereza walimsaidia Majid kwa wanajeshi wa majini, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay hadi mwaka 1861.

Bombay ilikuwa mji mkubwa wa bandari, na India ilikuwa na simu za waya tangu miaka ya 1850. Kijana aliyeona kwa macho yake habari ikizuiwa ndani ya merikebu sasa alikuwa akiishi katika nchi ambako maneno yalikimbia juu ya nguzo. Aliporudi Unguja alikaa kimya akingoja. Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani.

Utawala aliourithi ulianza kwa misukosuko. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo. Juni 1873, chini ya vitisho vya manowari za Waingereza kuzingira kisiwa, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Hapa sisi wa Malindi tuseme ukweli kuhusu nafsi zetu. Mji huu ulifufuliwa na Majid mwanzoni mwa miaka ya 1860 ukawa wa mashamba ya mtama na simsim, na waliolima walikuwa watumwa. Marufuku za Barghash hazikuwaacha huru waliokwisha kuwa mashambani. Wengine walikimbilia bara na kujenga vijiji vya watoro, kama Fuladoyo. Nikimsifu Barghash kwa mambo mengine, hilo silifichi.

Turudi kwenye habari. Alipoanza kutawala, pwani yetu ilikuwa bado inategemea pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, na kusi iliyarudisha. Barua iliyokosa msimu ilingoja msimu mwingine. Mwishoni mwa 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua kutoka Aden kila mwezi. Aden ilikuwa imeshaunganishwa kwa waya wa baharini na Suez na Bombay tangu 1870. Kwa hivyo ujumbe wa Unguja kwenda London ulikuwa na miguu miwili: mguu wa polepole kwa meli hadi Aden, kisha mguu wa haraka kwa waya.

Njia hiyo ya nusu meli nusu waya ilimfaa Barghash mwaka 1875. Mwaka huo alizuru London, akapokewa na Malkia Victoria, akapita Paris na Misri. Muda mfupi baada ya kurudi, majeshi ya Khedive wa Misri yalishuka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini yake. Barghash alilalamika kwa Waingereza, London ikambana Khedive, na Wamisri wakaondoka. Alipata haki yake bila hata waya kufika mlangoni kwake, kwa sababu siku hizo aliyekuwa upande wa pili alitaka kumsikiliza. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Waya wenyewe ulikuja kwa sababu ya vita vya watu wengine. Tarehe 22 Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana, na London haikupata habari mpaka Februari 11, karibu wiki tatu baadaye. Serikali ya Uingereza haikutaka aibu hiyo ijirudie. Ikasaidia kwa fedha, na kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikatandaza waya chini ya bahari kati ya Durban na Aden, ukitua Delagoa Bay, Msumbiji na Unguja. Kabla ya mwaka kwisha kazi ilikuwa imekamilika. Waya haukuja kwa ajili ya Unguja, ulipita Unguja. Barghash aliupokea kwa mikono miwili, na kisiwa cha Bawe, kinachoonekana kutoka ufukweni mwa mji, kikawa kituo chake.

Ulifanyaje kazi? Nitaeleza kwa sababu netiweki ya simu iliyo mfukoni mwako imejengwa juu ya mambo yale yale.

Jambo la kwanza ni njia. Katikati ya ule waya mlikuwa na uzi wa shaba, kwa sababu shaba hupitisha umeme vizuri. Shaba ilivikwa gutapacha, utomvu wa miti ya huko Malaya unaofanana na mpira, ili umeme usivujie majini. Juu yake zikasokotwa nyaya za chuma kulinda dhidi ya miamba na nanga. Meli ilienda polepole ikiuachia waya ushuke hadi sakafu ya bahari, kama mvuvi anavyoachia mshipi.

Jambo la pili ni alama. Waya haubebi maneno, hubeba umeme tu. Ilibidi kila herufi igeuzwe kuwa mpangilio wa alama mbili: umeme wa upande huu, au umeme wa upande ule. Upande wa pili palikuwa na kioo kidogo kilichotundikwa karibu na sumaku, chombo kilichobuniwa na William Thomson. Umeme dhaifu ulipofika, kioo kiligeuka kidogo, na doa la mwanga likaruka kushoto au kulia ukutani. Karani alilitazama doa lile akaandika herufi. Leo picha ya harusi unayoituma kwa shangazi Lamu, sauti yako, hata mawaidha ya Ijumaa unayosambaza, vyote hugeuzwa kuwa alama mbili, sifuri na moja. Kilichobadilika ni kasi. Karani wa Bawe alisoma alama chache kwa sekunde, na simu yako husoma mamilioni.

Jambo la tatu ni kufifia. Mtu akikuita kutoka kwenye mtumbwi, kadiri anavyokwenda mbali ndivyo sauti inavyopungua mpaka unasikia upepo tu. Umeme wa kwenye waya ni vivyo hivyo, na ndiyo maana safari ya Durban hadi Aden ilikatwa vipande. Ujumbe ulipofika kituoni, karani aliusoma na kuutuma upya ukiwa na nguvu mpya. Kebo za leo hubeba mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, nao mwanga hufifia. Kwa hivyo kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa chini ya bahari kinachoutia nguvu, kikipata umeme wake kutoka nchi kavu.

Jambo la nne ni njia panda. Waya mmoja kati ya watu wawili si mtandao. Mtandao huanza pale njia zinapokutana na mtu anapoamua huu uende huku na huo uende kule. Aden ilikuwa njia panda: upande mmoja Bombay, upande wa pili Suez na kuendelea hadi London, upande wa tatu sisi. Kila ujumbe ulikuwa na anwani yake, na karani aliyeisoma ndiye aliyeamua uingie waya gani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine, na namba yako ya simu ni ile ile anwani. Hata mnara unaouona Gede au Watamu si mwisho wa safari. Simu yako huongea na mnara kwa mawimbi ya hewani kwa kilomita chache tu. Kutoka hapo maneno yako huingia faiba ardhini, au huruka kwa sahani kwenda mnara mwingine, mpaka yafike kwenye njia panda kubwa. Ukipiga simu ukiwa kwenye matatu ya Kilifi kwenda Malindi, mnara mmoja hukukabidhi kwa mwingine njiani bila wewe kujua.

Jambo la tano ni nafasi. Waya mmoja ulipitisha ujumbe kwa zamu, na aliyekuja baadaye alingoja foleni. Malipo yalikuwa kwa kila neno, ndiyo maana watu walijifunza kuandika kwa ufupi. Sikukuu ya Idi netiweki ikigoma kwa sababu kila mtu anatuma salamu saa moja, foleni ni ile ile.

Neno letu simu lenyewe ni ushahidi wa zama hizo. Lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Wazee walipokuwa wakisema wamepokea simu walikuwa na maana ya karatasi yenye ujumbe uliopita wayani. Leo tunaliita simu jambo lisilo na waya mkononi, ndiyo maana tunasahau kuwa waya bado upo, umefichika tu.

Barghash hakuishia hapo. Alikuwa mtu wa kupenda kuunganisha mambo. Aliyavuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji mpaka ndani ya mji, watu wakachota bure, baada ya miaka ya visima vichafu na vifo vya kipindupindu. Alileta mashine ya kuchapisha vitabu kwa Kiarabu, baadhi vikiwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Mwaka 1882 akatoa sarafu zake, na mwaka 1883 ikakamilika Beit al-Ajaib. Maji, vitabu, fedha na habari ni vitu vinne vinavyotaka njia kutoka kwa mmoja hadi kwa wengi, na yeye alijaribu vyote. Katika vitatu, ncha moja ilikuwa mkononi mwake. Cha nne, waya, ncha zote zilikuwa za kampuni ya Waingereza.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 1885. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani aitwaye Karl Peters aliingia bara, nyuma ya Bagamoyo na Saadani, akakusanya mikataba kutoka kwa machifu. Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Barghash alipopata habari alifanya jambo ambalo babake asingeweza kulifanya: Aprili 1885 alimpelekea mfalme wa Ujerumani malalamiko kwa telegramu, akidai kuwa nchi zile ni zake. Maneno ya Sultani wa Unguja yalipita chini ya bahari, yakavuka Aden na Suez, yakafika Berlin kwa muda mfupi. Kwa mtu aliyezaliwa zama za kaskazi na kusi, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Jibu halikuja kwa waya. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani ziliingia bandarini Unguja na kuelekeza mizinga upande wa kasri. Pamoja na msafara huo alikuja dada yake Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani miaka mingi nyuma na kuitwa Emily Ruete. Yule aliyemwandikia barua za siri ujanani sasa alikuwa upande wa pili. Barghash akasalimu amri.

Na Waingereza, rafiki zake wa 1875? Balozi wao, John Kirk, alikuwa Unguja tangu kabla Barghash hajakalia kiti, na walizoeana. Zamani, balozi aliyeko mbali aliweza kuamua mengi mwenyewe, kwa sababu amri ya London ilichukua wiki nyingi kumfikia. Waya ulikuwa umemaliza uhuru huo. London ilitaka kuelewana na Ujerumani kwa mambo yake mengine, ikamwamuru Kirk kwa waya asimpinge Mjerumani na amshawishi Sultani akubali. Kirk alitii. Waya ambao Barghash aliukaribisha ndio uliobeba amri ya kumwacha peke yake.

Yaliyofuata yanatuhusu sisi moja kwa moja. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mali ya Sultani ni visiwa, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini hadi Kipini, na miji michache kaskazini yake. Kisha wakagawana bara, mstari ukaanzia mdomo wa mto Umba. Barghash hakushirikishwa katika kuukata. Aliletewa akubali, na Desemba akakubali. Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi zikabaki ndani ya ule ukanda, na jamaa zetu wa Ganze wakawa nje yake, kwa mstari uliochorwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga huko. Ukiwasikia wazee wakizungumzia maili kumi na mashamba ya mwambao, mzizi ni huo.

Mei 1887 Barghash aliikodisha pwani kutoka Umba hadi Kipini kwa kampuni ya William Mackinnon. Mwili wake ulikuwa umechoka. Alikwenda Oman kutafuta afya, akarudi Unguja, na akafariki mwezi huo huo wa Machi 1888 aliorudi, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Allah amrehemu. Ndugu yake Khalifa akashika kiti, na kabla ya miaka mitatu Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja kwa waya wa baharini, na waya wa nchi kavu ukavutwa kwa nguzo kutoka Mombasa kupitia Malindi hadi Lamu, kiasi cha maili 200. Hivyo ndivyo simu ilivyofika mjini kwetu, Barghash akiwa kaburini, kwa kazi ya kampuni iliyoikodi nchi yake.

Sasa nimjibu yule mzee wa barazani. Durban na Malindi ni ncha za njia moja tangu 1879. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ikafuata mwaka huo huo. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti kwa intaneti, ghali na ya polepole. Tangu hapo kebo zimeongezeka, na ndiyo maana Mei 2024 hatukuzimika kabisa: zilipokatika mbili za kusini, mawasiliano yalisukumwa kwenye zile zilizobaki, yakabanana, yakawa ya polepole. Zama za Barghash palikuwa na waya mmoja, na ukikatika mnarudi kungoja meli.

Lakini uhai wake unanifundisha jambo kubwa kuliko kebo. Alifikiri kuwa kufikiwa na waya ni sawa na kusikika. Mwaka 1875 hakuwa na waya mlangoni akasikilizwa. Mwaka 1885 alikuwa nao, akapuuzwa. Waya huharakisha maneno, lakini uzito wa maneno hutoka kwingine: kwa anayemiliki njia, anayekaa kwenye njia panda, na anayejua mtambo unavyofanya kazi.

Sisi leo tunashangilia kila mnara mpya. Mimi pia nashangilia, maana najua vijiji vya Ganze na Magarini ambako mtu bado anapanda kilima kutafuta netiweki ili ampelekee mamake pesa ya dawa. Lakini mnara ukiletwa kijijini, kabla hatujakata utepe na kula pilau, tuulize maswali matatu. Mnara huu umeunganishwa na nini nyuma yake, faiba au sahani ya mnara mwingine uliokwisha kulemewa? Njia hiyo ikikatika, kuna njia ya pili? Na je, ni watoto wetu wangapi watafundishwa kuupanda, kuufungua na kuutengeneza, badala ya kuwa walinzi wa lango lake usiku?

Swali la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Pale Ngomeni, mwendo mfupi kutoka hapa, Waitaliano wana kituo cha anga tangu miaka ya 1960. Ishara za setilaiti zimekuwa zikishuka kwenye sahani zake kwa zaidi ya nusu karne, na kizazi baada ya kizazi kimeziona sahani zile kutoka mashuani kikirudi na samaki. Vyuo vya ufundi tunavyo katika kaunti hii. Kufundisha faiba inavyounganishwa, ishara inavyofifia na njia panda inavyoelekeza ujumbe hakuhitaji muujiza, kunahitaji walimu, vifaa na wawakilishi wa wadi watakaoliweka hilo kwenye bajeti kama wanavyoweka barabara.

Barghash alikuwa na kasri, manowari na hazina, na bado aliyemwendeshea waya alikuwa mtu mwingine. Sisi hatuna kasri wala manowari, ila tuna watoto wenye akili, na tuna fursa ya kujifunza ambayo yeye hakuipata. Wallahu aalam. Wiki ijayo tukutane tena, inshallah, netiweki ikiturehemu.